Sailensa Imetoboka Tena: Jua Kilichoiua Kabla ya Kununua Nyingine

Magari mengi tunayoendesha huku kwetu, Corolla 110, Carina, Mark II, Noah za zamani, yameshabadilishiwa sailensa zaidi ya mara moja, na mambo huwa ni yale yale. Gari linaanza kunguruma, mwenye gari anakwenda gereji, fundi anakata sailensa ya nyuma na kuchomelea nyingine inayong'aa, gari linatulia. Baada ya miezi michache mngurumo unarudi, na lawama zote zinaangukia spea: vitu vya siku hizi havidumu.

Wakati mwingine ni kweli, bati lilikuwa jembamba. Lakini mara nyingi sailensa ile imeuawa na kitu kingine ambacho hakuna aliyekigusa: mauntini (raba inayobeba injini) iliyokatika, raba ya kuning'inizia iliyodondoka, injini inayomisi (inayoruka mapigo), au maji yanayolala ndani ya sailensa usiku kucha. Ukinunua sailensa ya bei kubwa ukaifunga juu ya tatizo lile lile, hasara yako itakuwa kubwa kuliko ya yule aliyenunua ya bei rahisi. Kwa hiyo tuanze na dalili, tufike kwenye chanzo, ndipo tuseme ipi ya kununua.

Ingia chini ya gari kwanza

Kagua asubuhi, injini ikiwa baridi, gari likiwa nje na si ndani ya banda. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi, au omba nafasi kwenye shimo la gereji.

Washa injini, kisha mtu wa pili azibe mdomo wa bomba la moshi kwa kitambaa kizito kilicholoweshwa maji, kwa sekunde chache tu. Kama njia yote ni nzima, moshi utakisukuma kitambaa kwa nguvu na injini itaelekea kuzima. Kama kuna tundu, utasikia pumzi ikitoka hapo. Ukitaka uhakika, paka maji ya sabuni kwenye maungio na mishono, utaona mapovu. Kipimo hiki hakigharimu chochote na kinakuonyesha kama kinachovuja ni sailensa kweli au ni gasketi ya mbele, kitu ambacho mtu anayesikiliza kelele akiwa amekaa kwenye usukani hawezi kukitofautisha.

Zima injini, chukua bisibisi, ugonge ekzosi, yaani njia nzima ya moshi, kwa mpini kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa hutoa sauti nzito isiyo na mlio, na mara nyingine utasikia magamba ya kutu yakimwagika ndani. Geuza bisibisi, sukuma ncha yake kwenye mshono wa chini wa sailensa. Ikizama, basi usikubali kiraka: rodi ya kuchomelea itakula ukingo wa tundu na kulipanua, maana hakuna chuma cha kuishikilia.

Dalili: mngurumo unaokua kadiri unavyokanyaga mafuta

Hii ndiyo dalili ya kawaida, na jambo la kujua ni mahali inapotokea.

Ukisikia sauti ya "tik-tik-tik" kutoka mbele asubuhi injini ikiwa baridi, nayo ikapungua au kupotea baada ya dakika chache, hiyo si sailensa. Ni gasketi ya manifodi (chuma kinachokusanya moshi unapotoka kwenye injini) au ufa kwenye manifodi yenyewe. Chuma kikipata joto kinatanuka na kuziba ule mwanya. Watu wengi wamebadilisha sailensa ya nyuma kwa kosa lililo upande wa pili wa gari.

Ukisikia mngurumo chini ya miguu ya dereva, chunguza paipu ya kati na maungio yake. Uvujaji wa sehemu hii ya mbele una madhara zaidi ya kelele. Ukiwa kabla ya sensa ya oksijeni (kifaa kinachopima hewa iliyobaki kwenye moshi), hewa ya nje huingia kati ya pigo moja la moshi na jingine, sensa inasoma kwamba mchanganyiko una hewa nyingi, na kompyuta inaongeza mafuta. Mwenye gari anaona gari linakunywa, anabadilisha plagi, anasafisha nozeli, kumbe tatizo ni gasketi iliyoungua.

Mngurumo ukitoka nyuma kabisa, karibu na bampa, hapo ndipo unapozungumzia sailensa ya nyuma. Na kama imetobolewa na kutu, swali linalofuata ni kutu ilianzia nje au ndani.

Kutu inayoanzia ndani

Petroli ikiungua huzaa maji. Lita moja ya petroli hutoa maji yanayokaribia lita moja, kwa sababu haidrojeni iliyomo kwenye mafuta hukutana na oksijeni ya hewa. Injini ikiwa na moto wa kutosha maji hayo hutoka kama mvuke na huyaoni. Ekzosi ikiwa baridi, mvuke unagusa chuma na kugeuka matone. Ndiyo maana asubuhi bomba hudondosha maji, jambo ambalo halina ubaya wowote.

Ubaya upo kwenye safari fupi. Sailensa ya nyuma iko mbali na injini kuliko kitu kingine chochote kwenye ekzosi, kwa hiyo ndiyo ya mwisho kupata moto. Ukitoka nyumbani kwenda sokoni, ukazima, ukarudi, ukazima, paipu ya mbele imekuwa ya moto lakini tumbo la sailensa ya nyuma halijafika joto la kukausha maji. Yanabaki chini, yamechanganyika na asidi kidogo itokanayo na salfa iliyomo kwenye mafuta, yanakula chuma polepole usiku na mchana. Foleni haisaidii, maana injini inayonguruma mahali pamoja haitoi joto la kutosha kufika nyuma.

Unaitambua kutu hii kwa urahisi: nje sailensa bado ina rangi, lakini mshono wa chini umechakaa na matundu madogo yamejipanga kwenye sehemu iliyo chini zaidi. Ukiitikisa inatoa mchanga wa kutu. Ukikuta hivyo, kuipaka rangi nje inayofuata hakutaongeza hata wiki moja. Unachohitaji ni chuma kinachostahimili asidi kutoka ndani, kitundu kidogo cha kutolea maji kwenye sehemu ya chini kabisa (sailensa nyingi za kiwandani hutoka nacho, msikubali fundi akizibe akidhani ni kasoro), na safari moja ndefu kila wiki ya kulipasha gari moto hadi nyuma. Nusu saa ya barabara kuu inatosha.

Kutu inayoanzia nje

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Lamu, Unguja: upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hukaa juu ya chuma ikisubiri unyevu. Gari linalolala uwanja wa wazi karibu na bahari huliwa kuanzia kwenye michomeleo na hanga (vishikizo vya kuning'inizia), sehemu ambazo joto la kuchomelea liliunguza rangi au koti la kinga. Tope nalo hufanya kazi ile ile. Likishikamana juu ya sailensa, hasa kwenye nafasi iliyopo kati yake na sakafu ya buti, hubaki na unyevu siku nyingi.

Dawa yake ni maji baridi ya bomba chini ya gari baada ya mvua na baada ya kupita ufukweni, ekzosi ikiwa imepoa. Na waliopita kwenye maji ya mafuriko, kama yale yanayofunika Jangwani mvua kubwa zikinyesha, wajue kwamba gari likizimika ndani ya maji, maji huingia kupitia bomba na kujaza sailensa. Likitolewa salama na kuwaka, liendeshwe mwendo mrefu siku hiyo hiyo.

Dalili: inapasuka mahali pale pale kila mara

Hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukiona ufa, si kutu, na ufa huo uko kwenye shingo ya sailensa au pembeni mwa mchomeleo, na fundi ameshauchomelea ukafunguka tena sentimita moja kando, acha kufikiria ubora wa sailensa. Ekzosi yako inavutwa.

Injini husogea. Kwenye Corolla na Carina imelazwa kwa upana wa gari, kwa hiyo ukikanyaga mafuta inajikunja kwenda mbele na nyuma. Mauntini, zile raba zinazoibeba, zinaizuia isizidi kipimo. Mauntini moja ikikatika, injini inapiga mweleka kila unapoondoka kwenye mataa, na paipu ya ekzosi iliyofungwa kwake inavutwa pamoja nayo. Sailensa iko mwisho wa paipu hiyo ndefu, ndiyo inayopokea msukosuko wote. Kuzipima ni rahisi: fungua boneti, mtu akae ndani akanyage breki kwa nguvu, aingize gia, aachie mafuta kidogo tu, huku wewe umesimama pembeni, kamwe si mbele ya gari. Injini ikiruka badala ya kutikisika kidogo, anza na mauntini.

Sasa angalia ungio la mbele. Toyota nyingi za zamani zina ungio lenye gasketi ya duara iliyonenepa na bolti mbili zenye springi. Springi zile zina kazi yake. Zinaliwezesha ungio kucheza kidogo huku gasketi ikibaki imebanwa, ili mtikisiko wa injini uishie hapo usifike nyuma. Springi zikila kutu zikakatika, fundi mwenye haraka huweka bolti za kawaida na kuzikaza hadi mwisho. Uvujaji unaisha siku hiyo, na ekzosi nzima inakuwa kipande kimoja kigumu kutoka kwenye injini hadi kwenye bampa. Baada ya hapo itapasuka, na itapasuka penye udhaifu, yaani kwenye mchomeleo mpya wa sailensa uliyoinunua jana. Bolti zenye springi zinauzwa pamoja na gasketi yake na bei yake si kubwa. Kama gari lako lina paipu inayonyumbulika iliyofumwa kwa nyuzi za chuma badala ya ungio hilo, itazame kama nyuzi zimefumuka au mtu ameichomelea pande zote ikawa fimbo. Matokeo yatakuwa hayo hayo.

Mwisho, raba za kuning'inizia. Hesabu hanga zilizopo kwenye sakafu ya gari na hanga zenye raba. Zikipishana, umepata chanzo. Raba moja ikikosekana, uzito unahamia kwa zilizobaki, na sailensa inaning'inia kwenye shingo yake. Waya wa kufungia, ambao naona watu wakiutumia mwaka mzima, hauchezi kama raba. Unapitisha kila tuta moja kwa moja kwenye chuma. Raba zilizopasukapasuka zibadilishwe zote pamoja siku ya kufunga sailensa mpya.

Dalili: kugongagonga

Ikigonga kama kopo ndani ya sailensa unapoipiga kwa ngumi, kuta za ndani zimeachia. Haitengenezeki, badilisha. Ikilia kama bati linalotetemeka kwa mwendo fulani tu, huenda ni bati la kukinga joto lililolegea, na klampu moja itamaliza kazi. Ikigonga sakafuni unapopita tuta, rudi kwenye raba. Ikiwa mlio wa vipande vinavyocheza unatoka kwenye masega, yaani ile katalisti ya mbele inayosafisha moshi, soma sehemu inayofuata kwa makini.

Dalili: gari zito, halipandi mlima, ekzosi inawaka moto

Gari linawaka vizuri, linakwenda vizuri mwendo mdogo, lakini ukitaka kulipita lori linakataa. Moshi haupati njia ya kutoka. Sailensa inaweza kuziba, lakini mara nyingi imezibwa na kitu kilichotoka mbele yake.

Injini inapomisi, petroli ambayo haijaungua inakwenda kuungulia ndani ya masega. Yanapata joto kupita kiasi, yanayeyuka au kuvunjika, na vipande vinasukumwa nyuma hadi vinakwama kwenye paipu za matundu za sailensa. Mwenye gari anabadilisha sailensa, nguvu zinarudi, kisha vipande vingine vinafuata. Kwanza tibu kumisi: plagi, waya za plagi au koili, nozeli. Halafu kagua masega. Ndipo uguse sailensa.

Kipimo cha kuziba anachoweza kukifanya fundi yeyote: afungue sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega na gari lijaribiwe mwendo mfupi sana. Nguvu zikirudi, njia imeziba baada ya tundu lile, kuelekea nyuma. Kelele itakuwa kubwa na moshi wa moto utatoka pale, kwa hiyo nyaya na mipira isogezwe kando, na gari lisiende mbali. Mwenye geji ya vakyumu (kipimo cha mvuto wa hewa wa injini) ataliona jambo hilo hilo bila kelele: akishikilia injini kwenye mzunguko wa kama 2,500 kwa dakika, sindano inashuka polepole badala ya kutulia.

Kuna wanaoshauri kuyatoa masega na kuweka paipu tupu. Mimi sishauri. Hewa tunayovuta mitaani ni hii hii moja, na masega nayo hupunguza kelele, kwa hiyo ukiyatoa sailensa ile ile itasikika kama imetoboka. Gari lenye sensa ya pili nyuma ya masega litawasha taa ya injini pia.

Dalili: harufu ya moshi ndani ya gari

Hii usiisubirishe hadi mwisho wa mwezi. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vinavyosafiri nayo. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi wa ghafla ndani ya gari ni dalili zake, na wanaoketi nyuma, mara nyingi watoto, ndio walio karibu na tundu. Shusha vioo, simama, zima, tokeni nje. Kisha tafuta tundu kwenye ekzosi na tundu kwenye sakafu au raba ya mlango wa buti, maana moshi ulihitaji njia mbili kuwafikia. Kuendesha na buti wazi kwa sababu ya mzigo kunazidisha hatari, kwa kuwa hewa inayozunguka nyuma ya gari inauvuta moshi ndani.

Omba fundi aipasue ile ya zamani

Watu wachache hufanya hivi, nami naona ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote. Kabla sailensa iliyokufa haijatupwa kwenye chuma chakavu, mwombe fundi aikate kwa grenda katikati, kwa urefu. Dakika tano tu. Ukikuta sakafu ya chini imeliwa na kuta za juu ni nzima, maji ndiyo yaliyoiua. Ukikuta vipande vya kauri vyenye vitundu kama vya sega la nyuki, masega yamevunjika. Ukikuta utando mzito wa masizi yenye mafuta, injini inakula oili. Ukikuta kila kitu kizima isipokuwa shingo iliyopasuka, tatizo ni mtikisiko. Sasa unajua ununue nini, na urekebishe nini kabla ya kununua.

Chuma gani?

Sokoni utakutana na aina nne kubwa, hata kama muuzaji atakuambia zote ni "orijino".

Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi nyeusi au ya fedha ndicho cha bei ya chini. Rangi inaungua mapema, na ndani hakuna kinga yoyote. Kinafaa gari utakaloliuza karibuni, au gari la safari ndefu za bara lisilolala na maji ndani.

Chuma kilichopakwa alumini kina sura ya kijivu isiyong'aa sana, sawa ndani na nje. Koti lile linastahimili joto na asidi vizuri kuliko rangi. Udhaifu wake uko kwenye michomeleo, ambapo koti limeungua, kwa hiyo sehemu hizo zipakwe rangi ya kuvumilia joto baada ya kupoa. Kwa gari la miaka ishirini na zaidi linalotumika mjini, hii ndiyo ningeichagua kwanza. Bei yake inalingana na umri wa gari.

Usichanganye na bati la zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi, na inapochomelewa hutoa moshi mweupe unaompa fundi homa, maumivu ya mwili na kifua kubana usiku ule ule. Fundi akitaka kukutengenezea sailensa kwa bati la aina hiyo, mkatalie kwa ajili yake mwenyewe.

Stenlesi iko ya namna mbili kwenye ekzosi. Daraja la 409 lina kromu kama asilimia 11. Linashika kutu ya juu juu kwa rangi ya kahawia lakini halitobolewi haraka, na viwanda vya magari hulitumia sana. Daraja la 304 lina kromu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi, linastahimili kutu vizuri zaidi, na bei yake iko juu zaidi.

Hapo sumaku ndipo inapohitajika. Ya 304 haishiki sumaku, au inashika kidogo sana penye mikunjo. Ya 409 inashika. Chuma cha kawaida kilichopakwa kromu nacho kinashika, na kinang'aa kama kioo. Basi muuzaji akisema 304 na sumaku ikanata kwa nguvu, ameshajijibu. Lakini usiishie kwenye ganda. Chukua sumaku ndogo, hata ya spika ndogo iliyokufa, ifunge uzi, iteremshe kwenye shingo ya sailensa hadi ndani. Zipo zenye ganda la stenlesi na matumbo ya chuma cha kawaida. Zinapendeza nje huku zinaoza ndani, na wewe unalipia bei ya stenlesi.

Uzito, mishono na matumbo

Omba sailensa mbili za ukubwa mmoja, moja mkono huu na nyingine mkono ule. Nzito mara nyingi ina bati nene au ganda la ngozi mbili, na zote mbili huongeza maisha. Duka lenye mizani litakupa jibu bila ubishi. Bati la milimita 1.5 litadumu kuliko la milimita moja la chuma kile kile.

Tazama vifuniko vya mwisho. Mkunjo uliobanwa vizuri pande zote, usio na mwanya wa kuingiza kucha, ni sawa, na mchomeleo unaozunguka mfululizo ni sawa. Nukta za kuchomelea zilizoachana sentimita kadhaa si sawa. Hanga ziwe zimechomelewa kwenye kibati cha ziada kilichotandazwa juu ya ganda, zisisimamishwe moja kwa moja kwenye bati jembamba, maana zitang'oka na kipande chake.

Chungulia ndani kwa tochi. Ukiona njia moja iliyonyooka kutoka upande hadi upande, iliyozungukwa na pamba ya glasi, jua kwamba itakuwa na sauti kubwa zaidi, na pamba ikiungua au kulowa kelele itaongezeka. Ukiona ukuta, moshi unapitishwa kwenye vyumba, na hivyo ndivyo sailensa ya kiwandani ya gari la familia inavyotuliza sauti. Wanaofunga ile ya njia moja kwenye Corolla ya cc 1,500 hulalamika kwamba gari linavuma masikioni kwenye mwendo fulani wa barabara kuu mpaka kichwa kinauma. Si kwamba imetoboka. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo, au sailensa ndogo ya kati iliondolewa. Rudisha ya kati kwanza.

Kipenyo kipimwe kwa kalipa, nje ya paipu. Paipu pana kuliko ya kiwandani haikuongezei nguvu kwenye injini ndogo ambayo haijabadilishwa chochote. Inakuongezea kelele tu.

Mtumba wa Japani, mpya, au ya fundi

Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani, Dar es Salaam, utapata zote tatu mtaa mmoja. Sailensa ya mtumba iliyotoka kwenye gari kama lako ina faida kubwa: inaingia bila kulazimishwa, hanga ziko mahali pake, sauti ni ile ya kiwandani. Itikise, igonge, sukuma mshono wa chini kwa bisibisi, uulize kama flenji zote (vibati vya kuungia paipu kwa bolti) zipo. Nyingine zimetoka kwenye magari ya maeneo ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, na hizo utaziona kwa kutu yenye magamba kwenye hanga. Ikipita vipimo hivyo, naipendelea kuliko mpya nyembamba.

Ya kutengenezwa na fundi wa mabati inaweza kudumu kuliko zote, kwa sharti moja: uione kabla hajaifunga. Uone paipu ya matundu, uone kuta, uone amejaza nini. Sufi ya chuma ya kusugulia sufuria inaungua na kupeperuka upesi. Na mwambie aache kile kitundu cha maji.

Neno kwa anayetaka stenlesi kamili: kama paipu ya kati nayo imeoza, ibadilishe kwa wakati mmoja au ushuke daraja la sailensa. Kuunganisha stenlesi nzuri na paipu iliyobaki na ngozi tu ni kuhamisha tundu sentimita thelathini mbele.

Siku ya kufunga

Tenganisha terminali ya betri kabla ya kuchomelea, ili umeme wa mashine usipite kwenye kompyuta ya gari, na klampu ya atha (waya wa kurudisha umeme wa mashine) ishikwe kwenye paipu yenyewe karibu na kazi. Tangi la mafuta na mipira ya breki viko jirani, kwa hiyo vikingwe, na kizima moto kiwe karibu. Kwa bati jembamba mashine ya CO2, ile inayochomelea kwa waya, ni bora kuliko rodi nene. Stenlesi ikiunganishwa na chuma cha kawaida inataka rodi au waya wa 309, vinginevyo mchomeleo unapasuka au kuoza kabla ya vingine.

Mwombe fundi aweke flenji ya bolti karibu na sailensa badala ya kuichomelea moja kwa moja kwenye paipu. Safari nyingine utafungua bolti mbili, hutakata. Ining'inizwe kwanza kwenye raba zote, injini iwe imekaa inavyokaa kila siku, ndipo maungio yakazwe kuanzia mbele kwenda nyuma. Ikibidi kuivuta kwa mkono ili bolti iingie, paipu imekunjwa vibaya na itapasuka. Iache nafasi ya vidole viwili au zaidi kutoka kwenye bampa, tangi na sakafu, kisha mtu mzito akae nyuma, uangalie tena nafasi hiyo.

Washa, rudia kipimo cha kitambaa pale pale gereji kabla ya kulipa. Baada ya wiki moja au mbili, injini ikiwa baridi, rudi chini ya gari na spana: kaza bolti za flenji, angalia springi za mbele hazijabanwa hadi kugusana, na uvute kila raba uone kama bado iko kwenye hanga yake.